Nyoka Asiyevimbisha

Mama yangu alikuwa na macho ya kutisha. Akikaa nje ya nyumba yetu pale kijijini Buger, aliweza kumwita mtoto wa jirani anayepita na mbuzi akamwambia, "Wewe, rudi ukalale, una homa," na jioni kweli mtoto yuko kitandani anatetemeka. Sisi mabinti zake tulichoka naye. Huwezi kulia kidogo kwa faragha yako katika nyumba yenye mama wa namna ile. Ndiyo maana inaniuma mpaka leo kwamba mtu mmoja tu ambaye Mama aliyazuia macho yake yasimtazame, tena kwa heshima, alikuwa anakufa mbele yake.

Alikuwa mchumba wa dada yangu, Mmasai wa Endulen. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, mimi nikiwa mwalimu mpya niliyerudi nyumbani likizo. Wajomba walinuna. Walikumbushana ng'ombe walioibwa tangu enzi za babu zao, kana kwamba kijana yule ndiye aliyewaswaga. Mama aliwanyamazisha. Alimpenda kijana kwa sababu dada alimpenda, na dada yangu hakuwa mtu wa kupenda ovyo.

Kisha Mama akaenda mnadani kuwauliza wanawake wa Kimasai jinsi mkwe anavyopokewa kwao. Wakamwambia kwamba mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Kumkodolea macho ni kumvunjia heshima. Kwetu Wairaqw jambo hilo halikuwa na uzito huo, lakini Mama alikata shauri. "Asije akasema amekuta watu wasio na adabu," alisema. Akaanza kufanya mazoezi. Wiki nzima alitupa chai huku akitazama miguu yetu, nasi tulicheka mpaka tukamwaga chai.

Kwa Wamasai posa haiendi bila asali, ya kutengenezea pombe ya wazee. Mwaka ule asali ilikuwa adimu upande wao, kwa hiyo kijana alikuja kuirina katika msitu ulio juu ya kijiji chetu, kwenye mzinga wa rafiki yake wa rika moja. Alipanda mti, akashika tawi, na juu ya tawi hilo alikuwapo nyoka wa kijani, mwembamba, mwenye macho makubwa, akimvizia kinyonga. Nyoka akamuuma kidole na kuking'ang'ania, akikitafuna, mpaka kijana akamng'oa na kumtupa chini. Kidole hakikuvimba.

Huku kwetu nyoka mbaya tuliyemjua ni kifutu. Huyo akikugonga, mguu unajaa kabla hujafika nyumbani na kijiji kizima kinakimbia. Nyoka asiyevimbisha tulimhesabu kama mjusi aliyerefuka. Baadaye nilimtafuta yule wa mtini vitabuni, kwa hasira, kama mtu anayemtafuta mwizi wake. Pwani wanamwita ukukwi. Maisha yake ni matawini, chakula chake vinyonga na ndege. Dume mara nyingi ni wa kijani na jike wa kahawia, hata watu hudhani ni nyoka wa aina mbili. Meno yake ya sumu yako nyuma kinywani, ndiyo sababu hutafuna. Na sumu yenyewe haina haraka: inaizuia damu isigande, polepole, mtu akiwa bado anatembea na kutania. Hana ugomvi na watu. Ukimwacha atakwenda zake. Nimejaribu kumchukia nikashindwa, na hilo nalo linaniudhi.

Kesho yake kijana alifika kwetu na kibuyu cha asali. Dada alimpokea njiani, akaona kidole kimefungwa kitambaa.

"Nyoka wa majani tu," alimwambia. "Ona, hata hakijavimba. Usimwambie mama yako, ataniona mkwe wa kuja na malalamiko."

Dada akacheka, akaenda kisimani. Mimi nilikuwa jikoni na moshi wangu. Sebuleni Mama alimkaribisha mkwe kwa kuzitazama katambuga zake miguuni. Alimtilia chai ya asali, maana sukari ilikuwa ya mgao, katika kikombe cheupe cha bati, kile cha wageni. Akakiweka mezani, akageukia ukutani, na mazungumzo yote akayafanya na ukuta. Nilimsikia akimwita "mwanangu."

Mgeni alipoondoka kwenda kulala kwa rafiki yake, Mama alileta vyombo jikoni. Ukingoni mwa kikombe palikuwa na damu.

"Amejichoma na mswaki," alisema, akakiosha upesi ili mkwe wake asiaibike mbele yetu.

Asubuhi rafiki yake alikuja mbio. Mwenzake alikuwa anatokwa na damu puani, kwenye fizi, hata kwenye kidonda cha zamani mguuni. Walimbeba kwa machela kuelekea hospitali, akafia njiani. Watu wake hawakumlaumu yeyote. Mama ndiye aliyejilaumu. "Nilitazama kikombe," alikuwa akisema, katikati ya kupepeta mahindi, bila kuulizwa. "Mdomo ulikuwa pale pale."

Asali ile haikugeuzwa pombe. Dada alikitundika kibuyu darini na hakuna aliyethubutu kukigusa. Waliokuja kumposa baadaye aliwakataa kwa upole.

Miaka ikapita, zamu ikawa yangu. Mchumba wangu alitoka Karatu mjini, mtu wa shati lililopigwa pasi, akaketi kati ya wajomba. Kabla ya salamu kwisha Mama alisimama, akamshika kidevu kwa mikono miwili.

"Cheka, mwanangu. Cheka nizione fizi."

Wajomba wakaangua kicheko. Mchumba wangu naye akacheka, ameona haya, na Mama akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akamchungua jino baada ya jino.

"Huyu mzima," alisema hatimaye, akageuka kumtafuta dada yangu. Dada alikuwa ameshaweka sinia ya vikombe chini na kutoka.