Kadi ya Mwaka wa Tohara

Sellah wa Kanduyi amewapiga picha watu wa Bungoma tangu enzi za filamu za kuoshwa gizani, na kama kuna mtu ambaye hajapita mbele ya lenzi yake, basi huyo ni mgeni. Harusi, mazishi, mahafali, amepiga zote. Siku hizi kazi kubwa ni kurusha matangazo moja kwa moja mtandaoni, kwa sababu kila boma lina mtu wake Doha au Boston ambaye hawezi kuja na hataki kusimuliwa.

Kamera anazijua kama sufuria zake. Kompyuta ndiyo humtoa jasho. Anajua ndani yake kuna kadi ya grafiki, kipande kizito chenye feni kinachobeba kazi ya picha na video, na anajua kwamba kikifa, picha hukwama. Alilijua hilo mwezi wa nne kule Bokoli, kadi yake ilipokata roho katikati ya mazishi, mchungaji akiwa ameinua mkono kubariki. Jamaa wa Boston walimtazama mchungaji huyo na mkono wake juu mpaka wakachoka. Kadi haikuamka tena.

Ingekuwa mwaka mwingine angenunua nyingine taratibu. Lakini huu ulikuwa 2024, na Wabukusu hutahiri wavulana wao Agosti ya mwaka wa shufwa. Zamu hii ilikuwa ya Levi, mwanawe wa kiume wa pekee. Baba yake Levi, Nyongesa, ni askari wa lango katika jengo moja huko Doha, na likizo alikuwa amenyimwa. Akapiga simu.

"Mama Levi, mimi siombi kitu ingine. Nataka kuona kijana yangu akisimama. Si kuona video kesho. Nione saa ile ile, vile watu wa boma wanaona."

"Utaona, Baba Levi," Sellah akasema, kabla hajafikiria ataonea kwenye nini.

Akaenda Kitale kwa Kiragu. Huyu Kiragu ni mtoto wa wakulima wa Kachibora, huuza na kutengeneza kompyuta nyuma ya soko, na mdomo wake haujui breki. Sellah alitaka kadi kama ile iliyokufa, basi. Kiragu akatikisa kichwa. Hizo sasa hazishikiki, akasema, dunia nzima inazigombania kwa mambo ya akili unde.

"Iko hivi, Mama Levi. Miaka mingi hii soko ya kadi ni ya watu wawili. Kuna wale wa kijani, ndio wakubwa, na wale wa nyekundu. Sasa kuna wa tatu ameingia. Si unajua ile kibandiko ya bluu iko kwa laptop karibu zote? Hao."

"Hao si ndio wakubwa kushinda wote?"

"Kwa ubongo ya kompyuta, ndio. Kwa kadi bado ni watoto. Ya kwanza ilitoka 2022. Gemu zingine ilikuwa inachechemea. Lakini kwa video, hiyo kitu ni moto."

"Kwa hivyo ni nzuri."

"Ni nzuri. Shida ni ati watu wanasema wanaweza toka kwa soko. Walijaribu zamani wakaacha. Na wakitoka, nani atakuwa anatengenezea hiyo kadi programu?"

"Kwa hivyo ni mbaya."

"Sijasema mbaya, bana. Wanasema ya pili inakuja mwisho wa mwaka."

Hapo Sellah akaanza kupotea, nami simlaumu. Kampuni ambayo kibandiko chake kimejaa kila ofisi ya kaunti, iweje iitwe mtoto? Na kama ni mtoto, iweje watu wameanza kuipangia kustaafu? Alimkazia Kiragu macho akitafuta dalili ya mzaha, asiione.

Kitu kimoja tu kilimkaa kichwani, nacho ni ule mwaka. Ya kwanza ilitoka 2022, mwaka wa tohara. Ya pili inakuja 2024, tohara tena. Akahesabu kama ambavyo mama yeyote wa Bungoma angehesabu. Hawa watu huleta watoto wao mwaka wa shufwa, akawaza, na rika moja likitoka lazima jingine lifuate, kwa hivyo hawawezi kuacha. Akatulia, akajiona amelielewa jambo kuwashinda wenye vitabu. Ndipo Kiragu akaongeza kwamba huenda hiyo ya pili ikasogea hadi mwaka ujao. Sellah akakasirika waziwazi. Mwaka wa witiri? Nani anatahiri mwaka wa witiri?

Kiragu hakuelewa ametukana nini. Akajaribu njia nyingine.

"Sikia. Baba yangu akiletewa mbegu ya kampuni mpya, hapandi shamba yote. Anapanda mistari mbili kando ya fensi, anangoja mavuno. Na wewe chukua hii kadi, jaribu na kazi ndogo ndogo."

"Levi anatahiriwa mara moja," Sellah akasema. "Yeye hana mistari ya kando ya fensi."

Kiragu akaifuta kadi vumbi, akaisukuma mbele yake. Sellah akaitia ile kadi mkobani, liwe liwalo, akarudi Bungoma bila kujua kama amefanya la maana au amefanya upuuzi.

Ivy, binti ya dada yake, ambaye hufanya kazi naye studioni, ndiye aliyeifunga ndani ya kompyuta. Baada ya hapo akaingia mtandaoni kutafuta ukweli, na huo ukawa mwanzo wa balaa jipya. Mtaalamu mmoja aliapa kwamba kampuni ya bluu itawanyoosha wale wawili. Mwingine, mwenye ndevu nzuri na wafuasi wengi zaidi, akaizika ikiwa hai. Wa tatu akasema yote mawili katika video moja.

"Auntie, mimi naona hawa wote wanabahatisha," Ivy akasema.

"Si wamesoma?"

"Wamesoma. Lakini hakuna mwenye anajua."

Kadi yenyewe ilifanya kazi vizuri wiki nzima. Halafu Jumapili moja, kanisani, picha ikazima kidogo, ikarudi. Kosa lilikuwa la kadi, la umeme, au la kompyuta yenyewe iliyochoka, hakuna aliyejua. Sellah alishika tama kwenye benchi ya nyuma hadi ibada ikaisha.

Wakati huo Levi alikuwa anazunguka kwa jamaa na chinyimba zake, zile kengele za mkononi, akicheza na kuwaalika. Alicheza vizuri kupita kiasi. Watu walimsifu mama mtu, naye akaitikia kwa midomo tu. Amepiga picha za wavulana wengi mno waliotikisa kengele kwa mbwembwe wiki nzima, halafu magoti yakawasaliti mbele ya kisu cha kweli. Kutangaza hakuhesabiwi. Kinachohesabiwa ni ile dakika ya uani, kijana asimame wima bila kutikisika. Sellah alikuwa anaogopa, kwa ajili ya kijana na kwa ajili ya kompyuta, na hakuweza tena kutenganisha hofu hizo mbili.

Mkesha wa siku yenyewe alipanga kila kitu. Kamera ya Ivy uani, waya upenye dirishani, kompyuta mezani sebuleni, yeye aende akirudi baina ya hizo mbili. Khisa, ndugu ya Nyongesa, ambaye angesimama mahali pa baba, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema polepole, "wewe ni mama."

Sellah akauweka waya chini. Alikuwa amesahau. Miaka yote ameingia maboma ya watu na kamera yake begani, mbele kabisa, mpaka akasahau kwamba mama mzazi haruhusiwi kuona. Mama huingia ndani na kukaa sakafuni mpaka mambo yaishe.

"Na kompyuta iko ndani," akasema. "Kwa skrini je?"

Khisa akakuna kichwa. Wazee hawakuacha neno lolote kuhusu skrini. Ivy alisema skrini si uani, Khisa akasema kuona ni kuona, kisha wakabadilishana misimamo, kila mmoja akautetea wa mwenzake. Sellah akawaacha hapo, akaigeuza skrini ikatazama ukuta.

Alfajiri umati ulirudi na Levi kutoka mtoni, mwili umepakwa matope ya baridi. Sellah akaketi chini, miguu ameinyoosha. Mama mkwe wake, siku Nyongesa alipotahiriwa, alishika nguzo ya katikati ya nyumba. Nyumba ya Sellah ni ya matofali na haina nguzo, kwa hivyo akashika mguu wa meza ya kompyuta. Kupitia mbao zile aliisikia feni ya kadi ikitetemesha meza nzima.

Uani nyimbo zikakatika. Kimya. Feni ikapanda, ikapanda zaidi, kisha ikashuka na kutulia kabisa. Sellah akafumba macho. Imekufa, au imepumua? Na huko nje je? Angeweza kunyanyuka na kuchungulia skrini, hakuna ambaye angejua. Alijikaza kisabuni, akaukumbatia ule mguu wa meza.

Vigelegele vikalipuka. Levi amesimama. Machozi yakamtoka Sellah, lakini hakuachilia meza, kwa maana upande wa Doha bado kulikuwa kimya. Alijua matangazo huchelewa kidogo njiani. Akangoja. Wanawake wakaanza kumwita kutoka mlangoni atoke acheze. Akangoja. Ndipo simu ikalia pale sakafuni.

Akaipokea. Kulikuwa na mtu mzima anayelia.

"Baba Levi, imekwama?"

"Haijakwama." Nyongesa akavuta pumzi. "Mama Levi, si kijana amesimama. Hata jicho hajapepesa. Umeona?"

"Sijaona. Niko ndani."

Hapo Nyongesa akakumbuka mila ya kwao.

"Basi kaa hapo," akasema. "Wacha nikwambie vile ilikuwa."

Na mama aliyekuwa nyuma ya ukuta tu akasikiliza, mkono mmoja kwenye meza, akisimuliwa na mtu wa Doha yaliyotokea uani kwake.