Daktari wa Pia

Mtaani walimwita Daktari wa Pia, na jina hilo alipachikwa na mumewe mwenyewe, fundi cherehani mwenye mdomo usio na breki. Mteja mmoja aliuliza mke wa fundi anafanya kazi gani. Fundi akatoa pini mdomoni, akasema, "Anachezesha pia, kama watoto. Na mshahara analipwa." Watu walicheka hadi mteja akaondoka bila suruali aliyokuja kuichukua.

Lakini fundi hakuwa mbali na kweli. Mkewe alikuwa mtafiti wa viini vya atomu. Maabara yao ilikuwa na mtambo wa kuvurumisha kiini kimoja kikampige mwenzake ubavuni. Vikigongana hivyo huungana, na kiini kipya huzaliwa kikizunguka kama kilichopagawa, kwa kasi ambayo feni haijapata kuiota. Kilichokuwa duara hurefuka kikawa kama papai. Kisha hupoza wazimu wake kidogo kidogo kwa kutupa miali, na miali hiyo ndiyo aliyoidaka yeye kwa vyombo vyake. Alitaka kujua jambo moja tu: kiini kikizungushwa kupita kiasi, kitavumilia mpaka wapi?

Mwenyewe, usukani tu ulimshinda kuuzungusha. Alikuwa ameanguka mtihani wa udereva mara nyingi hata mkaguzi akaanza kumwita shemeji.

Basi mama mkwe akaja kukaa nao. Bibi huyo alikuwa ametangaza kila kona kwamba mwanawe ameoa daktari. Hakumaliza hata kufungua mizigo, akaingia na jirani anayechechemea.

"Mwanangu, muangalie huyu goti lake."

"Mama, mimi si daktari wa watu."

"Wa nani, basi?"

"Wa viini."

"Viini vya mayai?"

Fundi, aliyekuwa akila, alipaliwa na maji. Mkewe alimkata jicho, akaanza kueleza habari za atomu, lakini mama mkwe alimkatiza. "Mlangoni pa ofisi yako wameandika daktari, hawajaandika?"

"Wameandika."

"Haya. Goti hilo hapo."

Atafanyaje? Akalitazama goti, akamshauri jirani apumzike na aende zahanati. Jirani akatoka akimsifu: daktari mpole, hata sindano hakumdunga! Mama mkwe akavimba kwa fahari, na mkamwana akaona kwamba mambo yakiachwa hivi, kesho ataletewa mjamzito. Akaamua kumpeleka bibi kazini akajionee.

Siku waliyokwenda, jaribio lenyewe lilikuwa limekwisha kitambo, na mtambo ulikuwa umepumzika. Kompyuta ndiyo iliyokuwa inamalizia kupanga ile miali. Mama mkwe alipewa kiti kizuri katika chumba cha vipimo, akatazama nyaya, akatazama skrini, akauliza, "Wagonjwa wako wapi?"

"Ni wadogo, mama, hawaonekani. Sikiliza. Ndani ya kiini wamo vijichembe, wanakaa wawili wawili. Mmoja akizunguka huku, mwenzake anazunguka kule, wanatulizana."

"Kama mimi na marehemu."

"Haswa. Sasa nyumba yenyewe ikizungushwa kwa nguvu, hufika mahali jozi moja ikaachana."

Bibi akashika kifua. "Na nyinyi ndio mnaoizungusha? Nani kawatuma?"

Huko nyuma mtu alicheka. Alikuwa mtafiti mzee, waliyemwita Kanuni kwa kuwa hata chai aliikoroga kwa utaratibu. Kanuni na mkamwana wetu walikuwa wamebishana miaka na mikaka. Kanuni alisema jozi ya kwanza katika kiini hiki itaachana mapema. Daktari wa Pia alisema haiwezekani, hiki ni kigumu, kitashikilia mpaka juu kabisa, na hayo alikwisha kuyasema mbele ya watu wazito. Siku hizi walikuwa wakisalimiana kwa kope.

Mstari ukaanza kujichora kwenye skrini; pale utakapopinda ndipo jozi ilipoachana. Ukapanda, ukapanda vizuri. Daktari akatabasamu. Kisha, kabla hata haujafika nusu ya mahali alipopangia, ukapinda na kurudi nyuma kama mtu aliyesahau funguo nyumbani.

Alikaa kitako. Miaka ya maneno makubwa, na kiini kisichoonekana kimemwumbua mbele ya mkwewe.

"Kuna msiba?" mama mkwe akanong'ona.

"Nimekosea, mama. Wameachana mapema."

"Na walipoachana, nini kikawapata?"

Alijibu huku akili iko mbali. "Wote wawili wamegeuka upande nyumba inakozungukia. Sasa wao wenyewe wanabeba sehemu ya mzunguko, kwa hiyo nyumba imepumua, imepunguza kasi."

Bibi akafikiri. "Basi hawakugombana. Wamekwenda kusaidia."

Daktari akamtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. Alipomaliza aliinuka, akamwendea Kanuni, akamwambia mbele ya wote, "Umeshinda. Lakini niambie, kwa nini mapema hivi?"

Kanuni akasogea karibu. Akainamia skrini. Hata yeye hakutegemea wangeachana mapema kiasi kile. Hesabu zake zilikuwa zimemfikisha karibu tu, wala sababu yake haikulingana na mstari. Akavuta kiti. Daktari naye akavuta chake. Kufumba na kufumbua walikuwa wakibishana upya, ila safari hii juu ya meza moja na kalamu moja, wakinyang'anyana.

Mama mkwe aliwaacha weee, mwisho akagonga meza. "Mnagombana kama ndugu. Nani analeta chai?"

Kanuni ndiye aliyeileta, akaikoroga kwa utaratibu, na mkamwana akakipokea kikombe chake bila kinyongo.

Jua lilikuwa bado kali walipotoka. Bibi alimshika mkono mkamwana wake, wakatembea polepole.

"Kesho tunarudi?"

"Kesho Jumapili, mama."

"Na hao viini wanaijua Jumapili?"