Punje Mbili za Kunde

Mpaka leo siipendi sauti ya kunde kavu zikimwagwa kwenye sahani ya bati. Juzi tu, dada wa Kiganda ninayeishi naye alikuwa anachambua za mchana, akazimimina, chwaa, nami nikatoka jikoni nikaenda kusimama nje kwenye joto lote lile la Doha. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni vumbi. Nyinyi nitawaambia ukweli, ila nawaomba msinitetee.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Abu Hamour, hapahapa Doha, kwenye nyumba kubwa iliyokatwakatwa kwa mbao ikawa vyumba vya familia sita. Baba alikuwa dereva wa familia ya Kiarabu. Mimi na mama tulikuwa kwa visa ya matembezi, ile inayoongezwaongezwa, kwa hiyo shule ya kweli niliiona kwenye mabasi yakipita. Nilisoma kwa Ticha Nekesa, Mkenya aliyefundisha watoto kumi na wanne sebuleni kwake, mapazia yameshushwa, kiyoyozi kinakoroma na kudondosha maji kwenye ndoo. Wote tulikuwa watoto wa namna hiyo, Wafilipino, Wamisri, Wanepali, kila mtu na kasoro yake kwenye karatasi za wazazi wake. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza.

Rehema ndiye aliyekuwa Mtanzania mwenzangu, na tulikaa dawati moja. Mama yake alitoka Singida kuja kufanya kazi za ndani, akatoroka kwa mwajiri, akamzaa Rehema hapahapa, bila ndoa na bila cheti. Rehema hakuwa na pasipoti. Hakuwa na karatasi yoyote duniani iliyosema kwamba yupo. Mama aliniambia hayo siku moja akinisuka, kwa sababu nilizidi kuuliza kwa nini Rehema haendi hata bustanini kucheza. Akanigeuza uso, chanuo bado limo kichwani mwangu. "Likitoka mdomoni mwako, mama yake anakamatwa. Umenisikia?"

Nilisikia. Likumbukeni hilo, maana wengine hupenda kusema mtoto hajui anachofanya.

Basi Ticha alikuwa na kaka yake Houston, na Marekani haikukauka mdomoni mwake. Wiki moja akaja na somo la miji mikubwa ya huko: kati ya New York na Houston, wapi watu wamechanganyika zaidi? Alisema kuhesabu tu mataifa hakutoshi. Mji unaweza kuwa na kila aina ya watu, lakini aina moja ikawa imejaa na wengine ni wa kuonjesha tu. Akatuambia tulete punje kutoka jikoni kwetu, kila taifa na aina yake. Wafilipino choroko, Farhan wa Pakistani dengu, Mmisri bagila kavu, sisi kunde. Kwa kina Rehema hakukuwa na kunde wiki ile, kwa hiyo mama akanipa punje mbili kutoka kopo letu, yangu na ya Rehema.

Tukagawanywa saba kwa saba, kila kundi mji wake, punje zake saba kwenye sahani yake ya bati. Ticha anafumba macho, anachopoa punje mbili kwenye sahani, anazitazama, anazirudisha. Zikiwa tofauti, mji umepata pointi. Zikifanana, mji umekosa. Mara kumi kila sahani. Mji utakaoshinda, mume wa Ticha ataupeleka Al Wakrah Ijumaa kuogelea baharini, na gari lake lilibeba watoto saba tu.

Jamani, bahari! Tuliishi mji wa pwani na mimi sikuwa nimekanyaga maji yake hata siku moja.

Siku ya majaribio Houston, yaani sisi, tulikosa mara moja, zile kunde mbili zilipotoka pamoja. New York nao walikosa mara moja kwa ajili ya ndugu wawili wa Kifilipino na choroko zao. Wakati Ticha yuko jikoni akizungumza na simu, Farhan akapiga hesabu yake. Mtoto yule alikuwa na sauti ya dalali. Akasema New York hawawezi kumtoa mmoja wa wale ndugu, wangelia wote wawili. Lakini sisi tukitoa kunde moja, kila punje yetu itakuwa peke yake, na hapo hatukosi hata kwa bahati mbaya. Akatunyooshea kidole mimi na Rehema. Mmoja wenu atoke.

Rehema alinitazama akitabasamu. Alidhani tutagoma wote wawili. Angegoma kwa ajili yangu, hilo ninalijua kama ninavyojua jina langu.

Nikasimama. Nikasema, "Rehema si Mtanzania. Hana nchi. Mwambieni atoe pasipoti."

Farhan akapiga meza kwa kiganja kama askari wa uwanja wa ndege, wengine wakadaka. Pasipoti! Pasipoti! Hata New York walikuja kushangilia. Na Rehema, masikini ya Mungu, akafungua begi lake akaanza kutafuta. Alitoa daftari, akatoa chupa ya maji, akatoa kitana, akaingiza mkono mpaka chini kabisa, akitafuta kitu alichojua hakimo. Mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Farhan akaokota kunde moja akaitupa kwenye ndoo ya kiyoyozi. Zilifanana mno, mpaka leo sijui kama aliyoitupa ilikuwa ya Rehema au yangu.

Tulishinda kwa pointi kumi kati ya kumi. Ticha aliuliza kunde nyingine iko wapi, tukasema Rehema amejitoa, na Rehema hakukanusha.

Kesho yake mama wa Farhan alikuja mlangoni, akanong'ona na Ticha muda mrefu, mkono kifuani. Mchana mama Rehema alipokuja kumchukua mwanawe, Ticha hakumkaribisha ndani. Nilikuwa navaa viatu, nikasikia yote. "Mama Rehema, pole sana, lakini usimlete tena. Wazazi wameshajua. Niko na watoto wengine hapa, wakikuja kumtafuta huyu watatubeba sisi wote." Mama Rehema hakubisha. Alisema tu, "Asante kwa ulipofikia, Ticha," akamfunga mwanawe kamba za viatu, akamshika mkono.

Ijumaa nilikwenda Wakrah. Nitawadanganya nikisema sikufurahi. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, nilikunywa chumvi mpaka nikatapika, nikarudi nimeungua mgongo nikiimba.

Mama alizipata habari Jumamosi. Alinichapa kandambili mpaka ikakatika ukanda, kisha akakaa kitandani akalia yeye. "Umemchoma mtoto wa watu," akasema. "Nimekuamini, na wewe umemchoma." Alikwenda kuwatafuta chumbani kwao akakuta pamekwisha kupangishwa Wanepali. Mwezi uliofuata baba alileta habari kutoka kwa madereva wenzake. Mama Rehema alichoka kujificha, akajipeleka mwenyewe polisi. Walirudishwa nyumbani wote wawili. Hivyo ndivyo watu walivyosema, kurudishwa, kana kwamba mtoto yule aliwahi kufika Singida.

Baba alikuja kupata kazi yenye ukaazi wa familia, nikasoma, nikakua. Sasa nipo mapokezi ya hoteli moja Lusail, pembeni ya Doha. Wageni wanashuka kutoka kila pembe, na wengine huniambia kwa furaha kwamba Doha imechanganyika kuliko New York. Nacheka nao. Kisha nanyoosha mkono na kusema maneno yaleyale niliyoyasema nikiwa na miaka tisa, sasa kwa adabu na kwa mshahara: pasipoti yako, tafadhali. Mara nyingine mgeni anaipekua begini, haioni upesi, anatoa chupa ya maji, anatoa kitana, na mimi inabidi nitazame kando.

Ilinichukua miaka kuliona jambo ambalo hata Ticha hakuliona. Sahani zile mbili zilijaa watoto waliotoka kwingine, kila mmoja na punje ya kwao. Katika sebule ile nzima, mtoto mmoja tu alizaliwa Doha.