Saa Moja ya Bwawani

Asikwambie mtu kwamba anayeshinda kwenye barafu huizoea baridi. Baba Pacha alipakia mapande ya barafu kiwandani tangu jioni hadi alfajiri, akatoka hoi bin taabani, halafu huyo, mbio bwawani kuogelea, maji yenyewe ya kupenya hadi kwenye mifupa. Mkewe ndiye aliyewaandikisha wote wawili kwenye mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, yote kwa mkupuo mmoja. Wazimu mtupu, lakini Baba Pacha alijikaza.

Mama Pacha naye alishona sare kiwandani mchana kutwa. Akirudi, mume keshaondoka. Waliishi kama wapangaji wanaopokezana ufunguo. Saa pekee ya kuonana macho kwa macho ilikuwa ile ya mazoezi, watoto wao pacha wakiwa wamebaki nyumbani na bibi yao.

"Baba Pacha, majini huna lako," kocha alimwambia asubuhi moja. "Unazama kama gunia. Kupokezana kunaruhusiwa; tafuta mtu akuogelee, wewe kaa na kundi la baiskeli."

Mwingine angeshukuru. Yeye roho ilimuuma, maana kundi la baiskeli lilifanyia mazoezi upande wa pili wa mji.

"Kocha kasema kweli," mkewe alisema walipoketi ukingoni, suti za mpira za kuogelea zimewabana. "Maji huyapendi. Mbona hukubali?"

"Nikikubali, nitakuona lini?"

Mama Pacha alimtazama, hakucheka. "Basi leo tusiingie. Tukae tu, tuzungumze."

Baba Pacha alifurahi kupita kiasi. Alikuwa na mengi: paa linavuja, pacha mmoja ameanza uongo, na kwamba amemkumbuka mno mke wake. Akaanza na paa. Hajafika mbali, kichwa cha mkewe kikamwangukia begani. Keshalala, mdomo wazi.

Aliinua mkono amwamshe, akaushusha. Wenzao waliogelea, wakatoka, wakajikausha. Hatimaye ikabidi amwamshe asichelewe kazini.

"Tulizungumza nini?" mkewe aliuliza, akifikicha macho.

"Paa."

Kesho yake, kabla kocha hajapuliza filimbi, Baba Pacha alikuwa majini hadi shingoni, meno yakigongana, akimlaani aliyebuni mashindano hayo na ukoo wake mzima. Mkewe alisimama ukingoni akipiga miayo.

"Njoo, Mama Pacha," alimwita. "Njoo maji yakuamshe."