Miguu Isiyoandikwa

Wairimu alizaliwa Kinangop, ambako asubuhi za Julai umande huganda juu ya majani ya viazi na mama huwawekea watoto chupa ya maji moto miguuni ili walale. Hiyo ndiyo dawa ya baridi aliyokuja nayo Marekani miaka kumi na tisa iliyopita, na ndiyo iliyomponza.

Alikuwa akimhudumia Mzee Tobias, mkongwe wa miaka tisini na mitatu aliyefiwa na mkewe, nyumbani kwake katika mji wa Bowie. Alimwogesha, alimlisha, alimpa dawa kwa saa zake, na kabla ya kuondoka alijaza daftari la zamu. Mzee alimwita Sajini.

"Sajini, leo umenipangia shambulio gani?"

"Uji, halafu kuoga. Na usinizungushe kama jana."

Alipokuwa akimwosha, mzee alisimulia vita vya Korea, majira ya baridi ya mwaka hamsini, alipokuwa na miaka kumi na minane. Siku zote zilifanana. Mchana walitembea wakipigwa risasi kutoka vilimani. Jioni walichimba mahandaki katika ardhi iliyolia kama chuma chini ya sururu. Mafuta ya bunduki yaliganda. Nyama ya kopo waliivunja kwa kisu. Soksi mbichi walizifunga tumboni zikauke, na alfajiri waliamshana kwa mateke, kwa kuwa asiyeamka kwa teke la pili hakuamka tena.

Jambo moja hakulisema.

Mchana mmoja wa Januari mtambo wa kupasha nyumba joto uliharibika. Wairimu alijaza chupa maji moto, akaiviringisha kwa leso, akaiweka miguuni pa mzee. Baada ya saa moja aliikuta ngozi ya kisigino imeumuka lengelenge kubwa kama yai.

"Mungu wangu! Mbona hukuniita?"

"Sikuhisi kitu." Mzee aligusa kifundo cha mguu. "Kutoka hapa kwenda chini sijahisi kitu tangu Korea."

Alipokuwa akiupooza mguu kwa maji ya bomba, mzee alimweleza lililobaki. Kamanda wao alitangaza kwamba askari atakayeganda miguu atashtakiwa kwa uzembe. Basi kila jioni karani aliandika katika taarifa ya siku: hakuna aliyeumia kwa baridi. Kwa miaka sabini Tobias aliomba itambuliwe kwamba aliumia vitani, na kila mara watu walioketi katika ofisi zenye joto walimjibu kwamba kumbukumbu hazionyeshi. Hatimaye akaacha kuitaja miguu yake kwa mtu yeyote.

Wairimu alimpigia simu Bilha, rafiki yake wa kanisani na mfanyakazi mwenzake.

"Wewe, andika kiatu kimemsugua!" Bilha alifoka. "Unamjua msimamizi wetu, Cheryl. Atakufuta kazi leo leo, na mwanao Ethan bado yuko chuo."

Mzee naye, akiwa kitini, alisema polepole, "Usiandike, Sajini. Nimezoea."

Neno hilo ndilo lililomkata maini. Alivuta daftari, akaandika, kisha akamsomea: "Nimemuunguza kisigino kwa chupa ya maji moto. Hakuhisi, kwa sababu miguu yake iliganda vitani Korea, mwaka 1950."

Mzee aliinama kuelekea daftari.

"Soma tena," alisema.

Alisoma mara tatu. Kisha akampigia Cheryl, na kabla ya giza kuingia alikuwa ameshakabidhi funguo za nyumba.

Zamu zake alipewa Bilha. Baada ya juma moja Wairimu alikuwa kwenye kituo cha basi mjini Hyattsville, akitoka kuomba kazi kwenye ghala, Bilha alipompigia.

"Ule ukurasa haupo," alisema. "Wameuchana. Pameandikwa upya: hakuna tukio."

"Na mguu?"

"Hataki nimvue soksi. Kila asubuhi ananiuliza kama Sajini tumemwacha njiani."

Basi lilifika, likafungua mlango, likaondoka bila yeye.

"Ukimwosha," Wairimu alisema, "pima maji kwa kiwiko chako. Usimuulize yeye kama ni moto."