Mtaa Ambao Mama Angekubali

Ko! Ko-ko! Ko! Mpaka leo nikifumba macho naisikia ile nyundo ya kwanza. Tulikuwa tumesimama kwenye ngazi za ploti moja ya vyumba vya kupanga Kariobangi, mimi na mama, tukimngoja keateka, yule anayelinda geti na kutunza ploti, atuletee ufunguo wa chumba, na nyuma ya ukuta mafundi wa jua kali ndio kwanza walikuwa wanaanza kazi. Nyundo moja iligonga, nyingine ikaijibu, kisha zote zikashuka pamoja kama mvua ya mawe juu ya bati. Nikajua hapa tumeshapoteza. Nani atamleta mama yake mgonjwa alale kwenye kelele kama hii? Mama akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Wanagonga nini hao?"

"Masanduku, mama. Na karai, na majiko."

"Kumbe," akasema. "Basi hapa watu wako macho."

Huo ulikuwa mtaa wa tatu tunaoukagua. Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye boma letu kule magharibi, upande wa milimani. Ndugu zangu wameolewa na kuoa mbali. Mimi ndiye kitinda mimba, nashona sare za shule na mapazia kwenye karakana ya mtu hapa Kariobangi. Asubuhi moja presha ikampanda mama, akaanguka jikoni, akalala sakafuni mpaka mwanamke anayepeleka maziwa alipopita. Aliponisimulia kwa simu alikuwa anacheka, eti amepata nafasi ya kuwasalimia buibui wa darini. Mimi sikucheka. Nikamsihi aje tuishi pamoja, awe karibu na kliniki na karibu na mimi. Akakubali kwa sharti, na mama akiweka sharti, ameweka.

"Nitakuja nione. Nikikosa mahali moyo wangu unakaa, narudi kwangu, na usinifuate na machozi yako."

Kwa hiyo kila mlango tuliofunguliwa niliuingia na hofu. Akisema hapana, atarudi jikoni kule, na mwenye maziwa huenda siku hiyo asipite.

Kusema ukweli, mimi nilikuwa nimeshaota Njiru, mtaa wa kwanza tulioukagua. Mimi ni mtu wa kuota, sikatai. Niliona dirisha kubwa, cherehani yangu mwenyewe mbele yake, na wateja wakipanda ngazi safi. Nyumba tuliyoonyeshwa na dalali ilikuwa mpya, rangi bado inanukia. Mama akafungua bomba, likakohoa hewa. Akatoka kibarazani akaangalia huku na huku. Milango yote ya chuma, kufuli kwa nje, wenyewe wameenda kazini. Hata mtoto wa kulia hakuna.

"Mwanangu," akasema, "hapa mtu akifa majirani watajua kwa harufu."

"Mama!"

"Nasema tu."

Dalali akajifanya amepigiwa simu.

Mtaa wa pili, Makongeni, ulikuwa chaguo lake. Katika zile nyumba za reli kuna watu wetu wengi, familia zilizoletwa na kazi ya treni, zikazaa na kuzeekea papo hapo. Kabla hatujafika kwa dada wa kanisani aliyetualika, mama alikuwa ameshasalimiwa kwa lugha yake hadi akachoka kuitikia. Uso ulimnawiri. "Hapa hata mbwa anabweka Kiluhya," akaninong'oneza. Ningekubali palepale. Lakini nafasi yenyewe ilikuwa nusu ya sebule iliyokatwa kwa kabati, na wenyewe hawakujua wataendelea kukaa hapo mpaka lini. Mama alikunywa chai, akashukuru vizuri sana, akaaga. Njiani akasema, "Lugha ipo. Pa kunyoosha miguu hakuna."

Ndipo tukafika Kariobangi, ambayo mimi nilikuwa nimeiruka kwa sababu naijua mno. Vumbi lake nalimeza kila siku. Lakini chumba kilikuwa na dirisha, bomba la maji lilikuwa hatua chache tu, na mama alikuwa ameshaanza kuongea na mwanamke Mkikuyu wa chini anayeuza vitunguu kwa jumla, ambaye magunia yake yalikuwa yameziba nusu ya ngazi. "Pita hapa kando, shosh, usianguke," mwenye vitunguu alimwambia, kama anayemwita bibi yake, akamshika mkono. Mama akanigeukia. "Tujaribu," akasema. Si kukaa. Kujaribu.

Mlango uliokuwa mkabala na wetu ulikuwa wa familia ya Kiislamu. Wazazi wa mwanamke wa nyumba hiyo walikuja nchini wakikimbia vita, yeye akazaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Anauza mashuka na madera sokoni. Jioni ile ile tuliyohamia alibisha hodi na sahani iliyofunikwa ya anjera, zile chapati zao laini za unga uliochachuka, na chupa ya chai yenye iliki.

"Mmechoka. Msipike leo."

Mama alikula mpaka ya mwisho. Kisha akaosha sahani, akaikausha, akaiweka juu ya kabati. "Sahani ya mtu hairudi tupu," akasema.

Sasa kwetu heshima ya mgeni ni kuku. Umpe mtu nyama ya ng'ombe, ni chakula. Umpe kuku mzima, umemwambia yeye ni nani kwako. Na ndani ya kuku kuna firigisi, ambayo ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke aliyelelewa kwa mila zile haigusi. Mama alikuwa amekuja na majogoo wawili ndani ya kikapu, wakakaa chini ya meza wakigombana. Nilipokuwa kazini alimchinja mmoja. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, lakini baba alipoondoka mama alijifunza mwenyewe, na alijivunia sana mkono wake usiotetemeka. Akampika bila kupunguza hata bawa, firigisi akaiweka juu kabisa, akavuka kwa jirani. Jirani alipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru.

Kesho yake mama aliteremka kumwaga takataka, akakutana na keateka getini.

"Shosh! Ile kuku yako jana, wueh! Nimelamba vidole hadi karibu nivimeze. Na firigisi juu!"

Niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, begi limefungwa zipu, kilemba kichwani, viatu vya safari miguuni.

"Kesho unanipeleka stendi."

"Mama, kuna nini?"

"Nimempelekea mtu kuku, yeye akampa mlinda geti. Mtu akikataa kuku yangu amenikataa mimi. Mimi si wa kukaa mahali nimekataliwa."

Nikaketi chini kwenye godoro langu. Mara moja nilielewa, na moyo ukaniuma kwa sababu ya jinsi nitakavyosema.

"Nani alimchinja, mama?"

"Nani tena? Si mimi!"

"Basi ni hapo. Kuku ambaye hajachinjwa na Mwislamu, wao hawali."

"Mimi najua nguruwe peke yake. Kule juu kwetu tungemuona wapi Mwislamu wa kutuambia?" Kisha akainua mikono yake yote miwili, akaigeuza mbele yangu. "Na hii mikono ina nini?"

Nikasema haina kitu, mama, haina kitu kabisa. Akageuza uso ukutani. Nikaona maneno yangu hayatoshi, nikatoka nikabisha mlango wa pili. Jirani alifungua akiwa na unga mpaka viwikoni. Nilipomwambia, alijishika mdomo, akabaki na masharubu ya unga, nami hata katika huzuni ile karibu nicheke.

"Keateka amesema? Walahi nilimwambia anyamaze!"

Alivuka miguu mitupu, hakungoja kukaribishwa, akaketi sakafuni karibu na viatu vya mama.

"Mama, nilishindwa. Nikikwambia sili, nimekuaibisha mlangoni pangu. Nikila, nimemkosea Mungu. Na chakula kizuri vile, nitakitupa?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambiaje? Ulikuja na mikono miwili, unatabasamu."

Kule nje nyundo zilikuwa zimeshatulia, nikasikia jogoo aliyebaki akikwaruza kikapu. Mama naye alimsikia.

"Akichinjwa na mzee wako, unakula?"

"Hata mifupa."

"Basi huyu hapa ni kaka ya yule. Tena ni mnono kumshinda. Nilimpakata kutoka nyumbani, usije ukampa mtu wa geti."

"Mama, huyu hata wewe nitakunyima!"

Mama akacheka kidogo, ila begi hakulifungua. Nililala nikivitazama viatu vyake vya safari kando ya kitanda, vimepangwa vikielekea mlangoni.

Asubuhi hakutaja stendi, wala siku zilizofuata. Jumapili, tulipotoka kanisani, tulipanda wote juu ya paa la ploti, mahali pa kuanikia nguo. Mume wa jirani ni mtu mpole, mrefu, haongei sana. Akamgeuza jogoo kuelekea kibla, mama akimshikilia mabawa, naye mwenye kisu akataja jina la Mungu.

"Amina!" mama akaitikia kwa sauti ya kanisa letu.

"Mama, hiyo haina amina," jirani akamwambia.

"Mungu akitajwa mimi naitikia. Ninyi endeleeni."

Jikoni kwa jirani, wanawake hao wawili walibishana juu ya bizari, mama akisema kuku wa kienyeji akiwekewa viungo vingi ni kama bibi harusi aliyevaa koti. Tulipoketi kwenye mkeka, mume wa jirani ndiye aliyepakua. Akachagua, akatafuta na kijiko, akaichukua firigisi akaiweka kwenye sahani ya mama.

Mama akaondoa mkono kwenye sahani.

"Hii ni yako, mzee wa nyumba," akasema polepole.

"Mama, mkubwa hapa ni wewe." Akaendelea kupakua. Hakujua amefanya nini.

Mimi nilijua. Miaka yote ya ndoa yake mama aliisafisha firigisi, akaipika, akainusa, akaiweka kwenye sahani ya baba. Alinitupia jicho kama vile ningeweza kumshitaki kwa baba. Nikatazama chini. Akaikata kwa meno, akatafuna, sote tukangoja.

"Hm," akasema. "Ni ngumu kidogo. Na hii ndiyo tuliyokuwa tunanyimwa?"

Ikabidi nieleze, na jirani alicheka hadi akaegemea ukuta, mume wake ameshika kijiko hewani, anaomba radhi ambayo hakuna aliyeitaka. Keateka akachungulia mlangoni.

"Shosh, leo umenisahau?"

"Ingia. Leo ni shingo peke yake. Umbea umekuponza." Kisha, akiwa anamkatia, akamuuliza, "Na maji hapa hufungwa siku gani? Nataka nijue nitafute mtungi mkubwa."

Sikutaka mtu aone uso wangu. Nikasema naenda kuchukua chumvi, nikavuka hadi chumbani kwetu, nikafunga mlango. Tangu tuhamie nilikuwa nalala chini kama mtu aliyetembelewa na mgeni, sikupanga chochote. Nikavuta futi yangu ya kushonea, nikapima chumba kutoka dirishani hadi ukuta wa mlango. Nikapiga alama ya chaki mahali pazia lingepita, upande wa dirisha uwe wa mama, huu mwingine wangu. Nikakunjua kitambaa kizuri nilichokuwa nacho, kile cha maua ya bluu, nikakitandaza sakafuni, nikakikata.