Folda ya Habaryar Fowsia

Kompyuta ile ilitugharimu mbuzi jike wawili, na mmoja alikuwa na mimba, kwa hiyo Ayeeyo, bibi yangu, alihesabu watatu hadi alipofariki. Naanza na bei kwa sababu kwetu Galbet, mtaa wa Garissa, ukionyesha kitu kipya swali la kwanza ni bei, la pili ni nani aliyekupunja.

Juzi fundi wa simu alikuwa akikwangua kipande cha plastiki, krrr, kimya, krrr, nikabaki nimesimama na chenji mkononi. Ndivyo mashine ile ilivyolia ikisoma disketi: kama ngamia anayecheua huku amenuna.

Aliyeinunua ni Habaryar Fowsia, mdogo wake mama, kutoka ofisi moja ya Dadaab iliyokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa darasa la tatu. Tuliishi sote kwa Ayeeyo. Habaryar alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe huko Takaba na sanduku moja tu, na sababu haikutajwa mbele ya watoto. Kilichotajwa ni kazi. Ofisi moja mjini ilitaka karani anayeweza kufanya hesabu kwa kompyuta, na mtihani ulikuwa Jumatatu. Masomo yote yalikuwa kwenye disketi ya Bwana Mutua, karani wa kutoka Machakos, ambaye alikubali kutuazima asubuhi moja tu, kabla lori lake halijaondoka kwenda Dadaab.

Mutua aliketi mkekani barazani, Ayeeyo akammiminia chai ya maziwa ya ngamia. Ndani, Habaryar aliandika amri ya kunakili kila kitu kutoka kwenye disketi hadi kwenye mashine. Mashine ikacheua. Majina ya faili yakateremka kwenye kioo, na chumba kikanuka vumbi lililopata moto. Habaryar akashusha pumzi, akaniambia nimrudishie mwenyewe.

Sikwenda. Siku hizo Ayeeyo alikuwa akinikaririsha abtirsi, ukoo wa upande wa baba: Deqa wa Abdi, Abdi wa Noor, Noor wa Hirsi, na kuendelea juu mpaka ulimi ukauke. Ukiruka babu mmoja unaanza upya, na tende yako inaliwa na mwingine. Nilikuwa nimeshapoteza tende nyingi kiasi cha kutomwamini mtu aliyesema amemaliza. Nikamwomba afungue orodha zote mbili, nikazisoma kwa kidole.

“Habaryar, hawa wawili hawakuja. Na wana alama pembeni. Ni watu wenye watoto?”

Alisogeza uso karibu na kioo. Alama ile ilimaanisha folda. Alipozifungua kwenye disketi, masomo yote yalikuwa humo ndani. Amri yake ilikuwa imebeba wazee waliokaa mlangoni na kuacha kizazi chote nyumbani.

Nje, lori likapiga honi. Nikamsikia Mutua akisimama.

“Mama, dereva ataniacha.”

“Dereva ana haraka,” Ayeeyo alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. “Chai haina. Kunywa.”

Kila glasi ilipofika nusu aliijaza. Mutua, mtu wa adabu, alikunywa kama anayelipa faini. Habaryar akaunda folda, akanakili yaliyomo, akarudia kwa ya pili. Nikahesabu. Nikahesabu tena, maana honi nayo ilinichanganya. Zikatimia. Mutua alipanda lori mbio, disketi mfukoni, tumbo likicheza kama mtungi.

Jumatatu Habaryar alifanya mtihani, akapata kazi, na mshahara huo ndio ulionisomesha.

Wiki hiyohiyo alinifungulia mahali pangu pa kufanyia mazoezi ya kuchapa. Aliunda folda ya FOWSIA, na ndani yake DEQA. Nililalamika. Mimi ni Deqa wa Abdi, nikamwambia, abtirsi haina mwanamke.

“Ya Ayeeyo haina,” alisema. “Lakini mbuzi wa mashine hii niliwauza mimi.”

Nilimtazama Ayeeyo anitetee. Yeye, ambaye hakuwahi kuniachia hata babu mmoja, aliendelea kupepeta mchele.

Nilidhani Habaryar ananitania. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwa nini alirudi kutoka Takaba na sanduku moja bila mtoto, na kwa nini siku ile Ayeeyo alikaa kimya.

Mashine ilipokaribia kufa alininakilia folda hiyo kwenye disketi. Ninayo hapa, imefungwa kwa leso. Mwaka huu Habaryar ametangulia mbele ya haki, na nimezunguka Garissa nzima bila kupata mashine ya kuisoma. Fundi mmoja wa Nairobi amenitajia bei ya mbuzi wanne. Ninyi mnaojua mambo haya, nishaurini: hiyo ni bei ya kweli, au ameniona usoni kwamba kwa hili siwezi kubembeleza bei?